Shajara ya mradi: dakika 45 za mama kabla ya basi la shule

Maelezo ya mwanzo

Nyumba iko Kimara, Dar es Salaam. Watoto ni watatu: wa darasa la pili (miaka 7), wa chekechea (miaka 4) na wa miezi 9 ambaye bado ananyonya. Basi la shule linapita saa 12:20 asubuhi. Mama anatoka saa 12:45 kuwahi basi la mwendokasi la Posta. Baba watoto anafanya kazi karibu na nyumbani, anatoka saa 1:30. Dada wa kazi halali hapo, anaingia saa 12:00.

Lengo: mama apate dakika 45 za kusoma kila siku ya kazi, kabla mtoto yeyote hajaamka. Mtihani ni wa CPA, cheti cha uhasibu, ambao NBAA (bodi ya wahasibu) huufanyisha Mei na Novemba. Anayeshona au anayeoka keki za oda ataondoa vitabu aweke cherehani au unga. Mpangilio mwingine wote unabaki huu huu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 10:50 alfajiri, simu inaandika 04:50.

Masharti matatu yamewekwa kabla ya kugusa kengele. Mama asipungukiwe na saa 7 za usingizi. Watoto wasipunguziwe usingizi ili yeye apate muda: wa miaka 7 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku, wa miaka 4 saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana, wa miezi 9 saa 12 hadi 16. Na dada wa kazi asiitwe saa 11 alfajiri. Naye ana nyumba yake na watoto wake. Ratiba inayosimama kwa kumnyima mwanamke mwingine usingizi haijatatua kitu.

Wiki ya 1: kupima tu

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Kila kinachochelewesha kinaandikwa palepale: dakika ngapi na kwa nini. Hakuna kinachorekebishwa wiki hii, hata kile kinachoonekana wazi.

Kilichoonekana: kati ya saa 11:30 watoto wanapoamshwa na saa 12:20 basi linapopiga honi, kupika kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Muda unaliwa na kutafuta. Soksi ya pili, tai, chupa ya maji, daftari la hesabu lililobaki chini ya kochi, kalamu ya kusaini diary ya shule. Kinachofuata kwa ukubwa ni maji ya kuoga: sufuria la lita 5 juu ya plate ndogo ya gesi huchukua karibu dakika 20 kuchemka, na muda wote huo watoto wanazurura na nguo za kulalia. Cha tatu ni shati jeupe lililomwagikiwa uji, linalolazimisha kupiga pasi shati jingine huku honi inalia.

Usiku nao umepimwa, na hapo ndipo penye shida yenyewe. Mama anafika kitandani saa 5:00 usiku. Kengele ikiwekwa saa 10:50 analala chini ya saa sita, na hapo bado hajakatwa na kunyonyesha. Mipango mingi ya kuamka mapema inafia hapa: kengele inasogezwa nyuma, saa ya kulala inabaki palepale, mwili unavumilia siku chache, kisha mkono unaizima kengele bila hata macho kufunguka. Watu wanasema hawana nidhamu. Tatizo ni hesabu.

Wiki ya 2: kuhamisha kazi

Kengele bado haijaguswa. Wiki hii ni ya kusogeza saa ya mama kulala kutoka 5:00 hadi 3:20 usiku. Kuna dakika 100 za kutafuta mahali pa kutoka.

Vyombo na jikoni. Baba watoto amechukua vyombo vya usiku, kufunga jikoni na kuandaa maji. Imeandikwa kwenye karatasi ya friji kwa saa na kwa jina la kazi, kwa sababu neno "kusaidia" halina saa. Kazi isiyo na saa hufanywa ikikumbukwa, na atakayeikumbuka wa kwanza ni mama.

Pasi. Sare zote zinapigwa Jumapili alasiri mara moja: mashati matano na suruali tatu za mkubwa, fulana na bukta za chekechea. Kila seti inatundikwa kwenye hanga moja, chupi na soksi zikiwa kwenye mfuko wa plastiki shingoni mwa hanga. Pasi ya wati 1000 ikitumika dakika 40 haifiki uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ikiwashwa na kuzimwa kila alfajiri inatumia zaidi, maana kila mara inaanza kupashwa upya.

Soksi. Zimenunuliwa jozi sita kila mtoto, zote za aina moja na rangi moja, ili isiwepo kazi ya kutafuta mwenzake. Za mkubwa zimeshonwa uzi wa buluu kwenye kidole, za mdogo hazina kitu. Soksi hazipotei zenyewe. Zinapotea kwa sababu zinafuliwa moja moja kila inapoonekana imechafuka. Sasa zinakwenda kwenye kapu lao na zinafuliwa pamoja.

Kreti ya mlangoni. Makreti mawili ya soda, moja kwa kila mtoto. Usiku saa 1:30, baada ya chakula, mtoto mwenyewe anaweka ndani viatu vilivyopigwa kiwi, begi lililofungwa, chupa ya maji (tupu, inajazwa asubuhi) na tai. Diary inasainiwa hapo hapo, kreti likiwa wazi. Wa miaka 4 anaweza viatu na begi, ila anahitaji picha: viatu, begi na chupa vimechorwa kwenye karatasi iliyogundishwa ndani ya kreti. Mara ya kwanza inachukua muda mrefu kuliko mama angeifanya mwenyewe. Inaachwa ichukue.

Nywele za binti zinasukwa twende kilioni Jumamosi. Hazishikwi tena siku za shule.

Watoto wawili wakubwa wanakuwa kitandani saa 1:50 na wamelala kufika saa 2:15. Kusogeza saa yao ya kulala kunafanywa kwa dakika 10 hadi 15 kila baada ya siku mbili tatu; ukimlaza saa nzima mapema kwa mkupuo atakaa macho anaimba na kudai maji. Wa miaka 4 akilala mchana hadi saa 10:30 jioni hatalala usiku, hivyo dada anamwamsha saa 9:00. Hili lilihitaji kuelezwa kwa sababu yake, maana mtoto aliyelala ni utulivu na hakuna anayependa kuuvunja.

Simu ya mama inalala sebuleni kwenye chaji kuanzia saa 3:00. Magrupu ya WhatsApp ya wazazi, kanisa na kikoba yanachangamka sana kati ya saa 3 na saa 5 usiku, na hakuna jambo humo ambalo halitangoja mpaka asubuhi.

Wiki ya 3: kengele

Sasa ndiyo kengele. Inarudishwa nyuma robo saa, inakaa hapo mpaka mama aamke bila kuvutwa, ndipo inarudishwa robo nyingine. Kutoka 11:30 hadi 10:50 kumekula wiki hii na nusu ya inayofuata.

Kengele yenyewe ni kitochi cha zamani, ile simu ndogo ya vitufe. Kinatosha: hakina intaneti, chaji yake inakaa siku nyingi, na kimewekwa mlangoni ndani ya kikombe cha bati kilichowekwa kitambaa chini, ili kitetemeke bila kupiga kelele. Ukitumia simu kubwa kama kengele, mkono unaozima kengele ndio unaofungua ujumbe, na dakika 45 zinaishia hapo.

Kutumia adhana kama kengele kunafaa, ila kwa Dar kuna jambo la kujua. Jua halichomozi saa ile ile mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba linachomoza dakika chache kabla ya saa 12:00, mwishoni mwa Julai ni karibu saa 12:35. Adhana ya alfajiri inafuata jua, kwa hiyo nayo inasogea zaidi ya nusu saa, ila basi la shule halisogei. Novemba adhana inakuja karibu saa 10:45 na inaingiliana vizuri na kengele. Julai inakuja karibu saa 11:20, katikati ya masomo. Kwa anayeswali, kipindi cha Julai kinagawanywa: maswali ya hesabu yanakaa kabla ya adhana, kusoma nadharia kunakuja baada ya swala. Hesabu ikikatwa katikati lazima ianzwe upya. Ukurasa wa nadharia unaendelea pale ulipoachwa. Ramadhani ni habari nyingine: daku inahamisha kila kitu, na ni afadhali kupanga mwezi huo peke yake kuliko kulazimisha ratiba hii.

Novemba ina tatizo la pili. Mwanga unaanza kuingia dirishani kabla ya saa 11:40, na wa miaka 4 anaamka nao. Pazia la kitambaa chepesi halisaidii. Kinachosaidia ni kitambaa kizito cheusi kilichobanwa pande zote nne za fremu, kwa sababu mwanga unaomwamsha unapita pembeni. Julai ni kinyume: mtoto anaamshwa gizani na hataki. Hapo taa inawashwa dakika tano kabla ya kumwita.

Makelele. Mama akipita, watoto wanaamka, na chanzo kimefuatiliwa kimoja kimoja. Bawaba za mlango wa chumba zinalia: zimetiwa mafuta ya cherehani matone mawili kila moja (mafuta ya kula yanaganda na kukusanya vumbi, baada ya mwezi mlango unalia upya). Kandambili zinapiga sakafu ya tailizi. Zinaachwa nje ya mlango, ndani ni soksi. Kitasa kinabofya, kinashikwa kikiwa kimeminywa mpaka mlango urudi mahali pake. Pampu ya maji inawaka bomba likifunguliwa, na hiyo inasikika nyumba nzima. Maji ya kunawa uso yanachotwa usiku kwenye beseni. Nguo za mama ziko sebuleni tangu usiku, kwa sababu droo la kabati la chumbani lina sauti kuliko vyote hivi.

Mbu. Mtu anayekaa mezani saa 11 alfajiri anakaa katika muda wa mbu wa malaria, ambao wanauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, na kunapopambazuka wanaingia wale wa dengue. Dar imepata milipuko ya dengue, ule wa 2014 na ule wa 2019. Meza imewekwa ndani, dirisha lenye wavu mzima, miguu ndani ya suruali ndefu. Barazani kuna hewa nzuri, lakini hapana.

Wiki ya 4: wa miezi 9

Hapa ndipo mradi ulipokwama zaidi, na ndipo unapokwama kwa wengi. Mtoto analala karibu na mama. Joto lake likiondoka, anaamka. Mama anarudi kumlaza, analala naye, anazinduka saa 11:35.

Ukiangalia usiku mzima, mtoto wa umri huu mara nyingi anaamka kunyonya kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri kwa vyovyote. Kwa hiyo kunyonyesha huko kumefanywa mwanzo wa ratiba badala ya adui yake. Kitochi kinatetemeka saa 10:30. Mama anamnyonyesha kabla hajalia, gizani, bila kuongea wala kubadilisha nepi isipokuwa kama ana choo. Baada ya dakika 10 hadi 15 anarudishwa kitandani kwake, tumbo limejaa, na saa moja na zaidi inayofuata ndiyo anayolala vizuri. Mtoto akiamka kabla ya 11:40 ni baba anayemchukua. Akimwona mama, anataka ziwa. Akichukuliwa na baba, mara nyingi anarudi kulala au anatulia begani.

Mambo mawili ya usalama yasiyojadiliwa. Mtoto asiachwe peke yake kwenye kitanda cha wakubwa mama akiondoka. Wa miezi 9 anatambaa na anaanguka. Analala kitandani kwake, ndani ya neti, godoro gumu, bila mto. Ushauri unaozunguka sana wa kumwachia kanga ya mama ili anuse harufu usifuatwe: kitambaa kisichobanwa kinaweza kumfunika uso kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka. Kama harufu inasaidia, tumia shuka la godoro lake. Mama alilalie yeye usiku mmoja, kisha libanwe kitandani kwa mtoto. Na mama mwenye usingizi asinyonyeshe amekaa kwenye kochi saa 10:30. Akisinzia, mtoto anateleza kati ya mwili na mto wa kochi, na hapo ni hatari kuliko kitandani.

Maziwa ya kuacha. Mama anakamua upande ambao mtoto hakunyonya, mara tu baada ya 10:45, wakati maziwa ni mengi. Yanaingia friji moja kwa moja, ambako yanakaa hadi siku 4. Mwongozo wa saa 4 nje ya friji ni wa chumba kisichozidi nyuzi 25, na Dar ya Februari haiko hivyo hata alfajiri, kwa hiyo kuyaacha mezani mpaka dada aingie si jambo la kuzoea.

Jambo ambalo waajiriwa wengi hawalitumii: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mtoto. Kwa aliye mbali na nyumbani, linalowezekana ni kukubaliana na mwajiri muda huo utumike mwanzo au mwisho wa siku. Katika nyumba hii umewekwa mwisho. Kuutumia asubuhi kungemwezesha mama kutoka 2:45, lakini sehemu ya alichookoa ingeishia njiani.

Wiki ya 5: jiko bila mama

Kanuni: kati ya 10:55 na 11:40 mama hagusi jiko. Hata chai. Maji ya moto yako kwenye chupa ya chai mezani tangu usiku. Akiingia jikoni "mara moja tu" anaona bakuli halijaoshwa, anaosha, anaweka uji, na kitabu kinabaki kimefungwa. Kwa hiyo kila chakula cha asubuhi kimepangwa kiweze kumaliziwa na baba kwa dakika 15, kuanzia 11:30.

Maji ya kuoga. Chupa ya chai ya lita 2 inasafishwa kwa maji yanayochemka, inaachwa dakika 5, inamwagwa, ndipo inajazwa maji yaliyochemka saa 3 usiku. Bila kuipasha kwanza, ukuta wa baridi unayanyang'anya maji joto mapema. Asubuhi lita hizo 2 zikichanganywa na lita 7 hadi 8 za bombani zinatoa ndoo ya uvuguvugu ya kuwatosha wakubwa wawili. Baridi inatangulia kwenye ndoo, moto unafuata. Ukigeuza, kuna sekunde chache ndoo ina maji ya kuunguza na mtoto wa miaka 4 amesimama pembeni yake. Dakika 20 za kusubiri sufuria zimefutika.

Uji. Watu hupika usiku wakauhifadhi kwenye chupa ya chai. Usifanye hivyo kwa uji wa watoto. Chupa nyingi zinazouzwa hazishikilii joto la juu usiku kucha. Uji ukishuka chini ya nyuzi 60 unakaa saa kadhaa katika joto linalopendwa na bakteria, na asubuhi una uchachu au, kibaya zaidi, hauna dalili yoyote. Badala yake: usiku kikombe 1 cha unga kinakorogwa na kikombe 1 cha maji baridi kwenye sufuria lenye mfuniko, kinaingia friji. Asubuhi baba anaongeza vikombe 3 hadi 4 vya maji ya moto, anakoroga huku anamimina, anaacha uchemke taratibu dakika 10. Mabonge yanatokea unga mkavu ukikutana na maji ya moto, huu umeshalowa. Kama hakuna friji, unga mkavu unapimwa usiku kwenye kikombe na kukorogwa asubuhi, tofauti ni dakika mbili.

Wa miezi 9 anataka uji mzito unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Mwepesi unamjaza tumbo kwa maji. Ukiwa mzito mno hawezi kuumeza, na hapa kimea kinafanya kazi nzuri: kijiko kidogo cha unga wa kimea cha ulezi kinakorogwa kwenye uji mzito ulioepuliwa na kupoa kiasi, unalainika ndani ya dakika chache bila kuongezwa maji, kisha unarudishwa jikoni uchemke tena, kwa kuwa nafaka iliyooteshwa inaweza kuwa na vijidudu. Kikitiwa uji ukiwa unatokota hakilainishi kitu. Joto linaua kile kinacholainisha. Asali hapati mpaka afikishe mwaka.

Karanga za kutia kwenye uji zinachambuliwa kwa mkono, zilizonyauka au zenye ukungu zinatupwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Dodoma na Manyara watu walikufa kwayo 2016.

Siku nyingine: viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda usiku, vinapashwa kwa mvuke dakika 8, na yai. Au chapati zilizopikwa nusu Jumapili na kugandishwa, kila moja imetenganishwa na plastiki, zinakwenda moja kwa moja kwenye kikaango cha moto. Maandazi yanakaangwa Jumapili, yanagandishwa, yanapashwa kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo. Mafuta ya kukaangia hayapandi jikoni alfajiri yenye watoto watatu miguuni, hata kama unga umeumuka vizuri namna gani.

Mpangilio wa mtoto baada ya kuamka: kuoga, kujifunga kanga, kunywa uji, kupiga mswaki, ndipo sare. Shati lililomwagikiwa limetoweka kwenye karatasi ya friji tangu sare ilipowekwa mwisho. Wa miaka 4 anabishana zaidi akiambiwa "haraka", anakubali zaidi akiulizwa ni soksi ya mguu upi itangulie.

Wiki ya 6: mambo yaliyovunja ratiba

LUKU kuisha usiku. Sasa uniti zinaangaliwa Jumapili wakati wa pasi. Zikiwa chini ya 15 zinaongezwa. Taa ya kuchaji iko juu ya meza ya kusomea, si kabatini.

Maji kukatika. Madumu matatu ya lita 20 yanajazwa kila siku ya mgao na moja haliguswi.

Mtoto mwenye homa. Alfajiri hiyo inafutwa. Kanuni iliyoandikwa: mama akilala chini ya saa 6, au mtoto akiumwa, hakuna kusoma, na dakika hizo hazifidiwi usiku. Kufidia usiku kunaharibu alfajiri mbili zinazofuata. Siku ambayo usingizi umefika saa 6 lakini si 7, kengele inasogezwa robo saa mbele na kazi inakuwa swali moja tu.

Meza yenyewe. Dakika za kwanza zilikuwa zinapotea katika kuamua pa kuanzia. Usiku, kabla ya saa 3:00, kitabu kinafunguliwa ukurasa wa swali, kikokotoo juu yake, na namba ya swali inaandikwa juu ya karatasi tupu. Akili ya saa 10:55 inaweza kufanya kazi. Kuchagua kazi haiwezi bado. Mada ngumu zimewekwa Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu usingizi wa wikiendi haujakaa sawa, Ijumaa kila mtu amechoka, na siku hizo mbili ni za kurudia.

Wikiendi kengele haizidi saa moja baada ya ile ya kawaida. Ikiachwa mpaka saa 2 asubuhi, usingizi wa Jumapili usiku haufiki kabla ya saa 5.

Wiki ya 8: ilivyo sasa

10:30 kunyonyesha. 10:45 kukamua, kunawa, glasi mbili za maji, maana mama anayenyonyesha anaamka na kiu kuliko njaa. 10:55 mezani. 11:30 baba anaamka, anawasha jiko. 11:40 kitabu kinafungwa hata swali likiwa nusu, wakubwa wanaamshwa. Baba kuogesha, mama kuvaa. 11:55 uji. 12:00 dada anaingia na kumpokea wa miezi 9. 12:10 sare na viatu kutoka kwenye kreti. 12:15 mlangoni.

Yaliyobaki kufanyiwa kazi:

Likizo ya Desemba. Basi halipo, watoto watalala na kuamka wanavyotaka. Inapendekezwa saa yao ya kulala isisogee zaidi ya nusu saa, na kurudishwa kuanza wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Mtoto kuanza kulala bila kunyonya alfajiri. Kunyonyesha kwa 10:30 kukikoma, ratiba inapoteza nguzo yake, na huenda kengele ikasogea hadi 10:45. Kupimwe tena kwa karatasi ya friji wiki nzima kabla ya kubadilisha.

Bawaba za mlango wa jikoni bado zinalia. Mafuta ya cherehani yamekwisha, yanunuliwe.